Kwa nini udongo wa Makuutu hauwaki chini ya tochi

Wapo wanaofika maabara kwetu na bonge la udongo wa Makuutu, kule Busoga nchini Uganda, pamoja na ile tochi ya kukagulia noti. Wamesikia kwamba udongo ule una yuropiamu na ndugu zake, yaani metali adimu, na kwamba yuropiamu hung'aa. Wanamulika. Udongo unabaki udongo.

Hawajadanganywa. Ioni za Makuutu, yaani atomu za metali hizo zilizopoteza elektroni, zimejibandika tu juu ya chembe za mfinyanzi, na maji yamezizunguka. Molekuli ya maji hutikisika kwa namna inayoipokonya ioni nishati yake kabla haijatoka kama mwanga, nishati ikaishia kuwa joto. Isitoshe, ioni zenyewe ni chache, na chuma kinachoupa udongo wetu wekundu nacho hufyonza mwanga. (Huko kujibandika ndiko kunakowapendeza wachimbaji: maji ya chumvi kama salfeti ya amonia huzing'oa bila kusaga mwamba.)

Ichukue sasa ioni hiyohiyo uipande ndani ya fuwele ya oksidi ya itriamu, metali nyingine, pasipo maji. Ikipigwa na miali ya urujuanimno (mwanga usioonekana, kama wa ile tochi) inayotoka kwenye mvuke wa zebaki ndani ya taa ya tyubu, hutoa wekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 611 hivi. Wekundu huo umo katika unga mweupe uliopakwa ndani ya tyubu nyingi. Ni rangi nyembamba kama uzi, kwani elektroni zinazoitoa zimejificha nyuma ya elektroni nyingine, na fuwele huzigusa kwa mbali. Seriamu, ndugu yake mmoja, ya kwenye balbu nyeupe za LED ni tofauti: elektroni yake ikipandishwa hutoka nje ya maficho, fuwele ikaisukasuka, na mwanga wake wa njano ukatapakaa.

Lakini mwanga peke yake haumalizi habari. Mwaka 1944, huko Kazan, Urusi, mwanafizikia Yevgeny Zavoisky alionyesha njia nyingine. Elektroni isiyo na mwenza ni sumaku ndogo. Weka fuwele katikati ya sumaku yenye nguvu ya takriban tesla 0.3, uipitishie mawimbi mikro ya gigahezi 9 na ushei. Nguvu ya sumaku ikiafikiana na masafa ya mawimbi, elektroni hupinduka na kula sehemu ya mawimbi. Mashine huandika alama ya kile kilicholiwa.

Hapo ndipo yuropiamu hunifurahisha kuliko zote. Ikipoteza elektroni 3, hung'aa nyekundu, ila usumaku wake hujifuta wenyewe, na mashine haisikii kitu. Ikipoteza 2 tu, hubaki na elektroni 7 zisizo na wenza, zote zimeelekea upande mmoja. Mashine hupiga kelele, na katika baadhi ya fuwele zenye alumini mwanga wake ni wa buluu. Tanuri likiunguza unga katika hewa isiyofaa, aina hizo mbili huchanganyika, na macho hayatambui kiasi kidogo cha ile ya pili. Sumaku hutambua.

Gadoliniamu, ndugu mwingine, ikipoteza elektroni 3 nayo hubaki na 7 kama hizo, na ndiyo iliyomo katika dawa wanayodungwa baadhi ya wagonjwa wa MRI (kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku) ili picha ionekane vizuri.

Mwenye shamba Makuutu anayetaka kujua alichokalia, basi, tochi aiache nyumbani. Sampuli huyeyushwa kwa asidi, kisha mashine huzitenga atomu kwa uzito wake na kuzihesabu.