Nani anapika wali wa nazi huku mlimani?

Shangazi yangu wa Tanga alikuja kunitembelea mwezi wa tano, ndo mara yake ya kwanza kupanda ndege, siku ya nne nikamvalisha koti langu la mvua nikampeleka vilima vya Pentland, hapo kusini mwa Edinburgh, Scotland, ambako mi natembea karibu kila Jumapili. Hatujamaliza hata robo saa kasimama katikati ya njia, anavuta pua kushoto, anavuta kulia. "We mtoto, hebu subiri. Nani anapika wali wa nazi huku mlimani?"

Nilicheka mpaka nikachuchumaa, manake hakukosea hata kidogo. Ile harufu inatoka kwenye gosi, kichaka kirefu kama mtu, miba mitupu, majani yake yenyewe ndo yamegeuka kuwa miba ili yasipoteze maji na yasiliwe hovyo, na maua yake ni ya njano kali, ukiangalia kilima kizima kwa mbali mwezi wa nne na wa tano unadhani kimepakwa rangi. Jua likipiga, hata hili jua letu la kuombea dua, maua yanatoa harufu ya nazi. Shangazi alisema wali, mi ningesema ni nazi mbichi iliyotoka kwenye mbuzi sasa hivi, hujaikamua bado. Gosi ni wa ukoo mmoja na kunde na maharage, ua lake ukilichunguza ni ua la kunde kabisa, na viganda vyake vikikauka kiangazi vinapasuka vyenyewe juani, ukipita siku ya joto unasikia tap, tap, kama bisi kwenye sufuria iliyofunikwa. Zamani wakulima walikuwa wanaiponda ile miba kwa mawe makubwa wanawapa farasi chakula. Leo wengi wanaiona kero tu inavyotambaa kwenye malisho, mi naitetea, kwa sababu ndege wadogo wanajenga humo ndani na hakuna paka anayeingia akatoka na sura yake.

Kwa asiyenijua, kazi yangu ni ekolojia. Kabla watu hawajajenga nyumba au barabara natumwa mimi kwenda kuangalia nani anaishi pale, popo, ndege, vyura, nahesabu, naandika ripoti. Kwa hiyo watu wa nyumbani wakija wananitegemea niwaonyeshe wanyama, na hapo ndo shida inaanza, mtu kazoea Saadani au Mikumi, tembo hajifichi, unalipa getini unaona. Saa nzima imepita shangazi ananiuliza kwa upole, "Mwanangu, hii pori yenu mbona kimya? Tangu tumefika nimeona kondoo tu." Kweli kondoo wapo wengi. Ila wanyama wengine wote walikuwepo, wametuona sisi kabla hatujawaona wao.

Kwanza saa. Huku saa ya Kiswahili inakuchezea. Kwetu jua linachomoza saa kumi na mbili na ushee, mwaka mzima, mambo yamekwisha. Huku mwezi wa sita linachomoza saa kumi na nusu alfajiri na linazama saa nne usiku, halafu mwezi wa 12 saa tisa na dakika arobaini alasiri jua limeshazama. Shangazi alipoona Magharibi inaingia saa tatu na robo usiku alipiga simu Tanga kuwasimulia. Sasa mnyama hafuati saa yako ya ukutani, anafuata mwanga, anatoka alfajiri na jioni, kwa hiyo ukitaka kumuona mwezi wa sita uwe mlimani saa kumi na moja alfajiri wakati wenzako wako ndotoni. Mwezi wa 12 ndo kitonga, unakunywa chai yako taratibu, saa mbili asubuhi unatoka na bado ni alfajiri.

Jambo la pili ambalo wageni hawaliamini ni kwamba hakuna geti wala kiingilio. Scotland ina sheria ya mwaka 2003, ilianza kutumika 2005, inampa kila mtu haki ya kupita karibu ardhi yote, mlima wa tajiri, msitu wa kampuni, pembeni ya shamba la shayiri, ilimradi uwe na adabu: lango ulilolikuta limefungwa unalifunga, mazao hukanyagi, mbwa unamdhibiti, na uani kwa mtu huingii. England kule chini haki hiyo ni finyu zaidi. Shangazi alikuwa anageuka nyuma kila tukivuka uzio, akingoja mlinzi atupigie filimbi.

Basi tukapita juu ya bwawa la Glencorse (chini ya yale maji kuna magofu ya kanisa la zamani, siku nyingine nitaandika), tukafika ukingo wa msitu, mara tukasikia kitu kinabweka, bwoh! bwoh!, kama mbwa mwenye mafua. "Mbwa wa nani huyo?" Nikamshika mkono tukasimama. Hakuwa mbwa, alikuwa ro, naweza kusema ndo paa wa huku, mdogo, rangi ya kahawia nyekundu, kitako cheupe. Akiingiwa na wasiwasi anabweka, anaruka mara mbili tatu, unakiona kile kitako cheupe kinapotelea gizani kwenye miti.

Huyu mnyama nampenda kuliko wote, ngoja nimseme vizuri. Kwanza pembe. Pembe za swala wetu ni mfupa uliovikwa gamba gumu la aina ya kucha, anakuwa nazo maisha yake yote. Za ro dume ni mfupa mtupu na zinadondoka kila mwaka, mwezi wa 11 hivi, halafu zinaota upya kipindi chote cha baridi zikiwa zimefunikwa ngozi yenye manyoya laini, mpaka machipuko anaanza kuisugua ile ngozi kwenye miti midogo. Ukiona mti mwembamba umechunwa gamba usawa wa goti lako, huyo ndo mtuhumiwa. Pili mimba, na hapa ndo shangazi alisahau habari za kondoo. Dume anampanda jike mwezi wa saba au wa nane, mimba inatunga, ila kile kiini kinasimama, kinaelea tu bila kujishikiza kwenye kizazi, miezi minne mitano, mpaka karibu na mwaka mpya ndo kinajishikiza na kukua kwa kasi, watoto wanazaliwa mwezi wa tano na wa sita, mara nyingi mapacha. Ingekua moja kwa moja angezaa katikati ya baridi kali na watoto wangekufa wote. Kwa mpango huu wanapandana wakati wamenenepa na wanazaa wakati majani ni marefu. Shangazi kafikiri kidogo, kasema, "Yani mimba inangoja abiria, kama basi la Korogwe." Sijawahi kusoma maelezo mazuri kuliko hayo na nimesoma mengi.

Kitoto cha ro mama yake anakilaza kwenye majani anaenda kula, anarudi kunyonyesha. Hakina harufu sana, kimetulia kama jiwe. Kila mwaka kuna mtu mwenye huruma anakiokota akidhani kimetelekezwa. Usikiguse, usisogee, pita.

Juu ya msitu mlima unafunguka, unaingia kwenye heda, vichaka vifupi vinavyofika gotini, kahawia mwaka mzima halafu mwezi wa nane vyote vinatoa maua ya zambarau. Utaona mlima una viraka viraka kama shuka iliyoshonwa na bibi, kiraka cheusi, cha kijani, cha kahawia. Ni moto huo. Wenye ardhi wanachoma vipande kwa zamu ili machipukizi mapya yalishe kwale wa huku, mnene, mwekundu mwekundu, anayewindwa kwa bunduki kuanzia tarehe 12 mwezi wa nane. Kama hii desturi ni nzuri au mbaya huku watu wanagombana vibaya sana, mi kazi yangu inanifunga mdomo, nasema tu kwamba viraka vingine vimechomwa mahali ambapo mi nisingechoma.

Huyo kwale ukimkurupusha anaruka miguuni pako kwa kishindo mpaka moyo unasimama, huku anapiga kelele, na Waskoti wanasema sauti yake ni ya kumwambia mtu rudi, rudi, rudi. Hii shangazi aliielewa mara moja, maana na sisi tunamsikia pugi akilia baba kafa, mama kafa, nimebaki tu, tu, tu. Alikaa juu ya jiwe akamuigizia yule kwale pugi wa Tanga. Hakujibiwa.

Tulikokuwa tumekaa ndo tukamsikia sululu. Watu wa pwani mnamjua kwa sura, ndege mrefu wa kijivu kahawia anayetembea kwenye matope maji yakikupwa, mdomo umepinda kama sululu ya kuchimbia. Mnayemuona kule wengi wametoka mbali upande wa Urusi, hawa wa huku baridi ikija wanashuka tu pwani za hapa hapa na jirani. Ila kwetu mnamuona akiwa kazini tu. Huku mwezi wa tatu hadi wa saba yuko nyumbani, anapanda juu angani, anashuka ametandaza mabawa akitoa sauti inayochemka kidogo kidogo mpaka inamwagika, naomba mnisamehe, sina neno jingine. Mayai manne, chini kabisa kwenye nyasi. Mbweha na kunguru wanayala, mashamba yamekaushwa, misitu ya mbao imepandwa kwenye maeneo yake, na tangu 2015 Uingereza imemuweka kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini. Kwenye njia yangu nilikuwa nasikia jozi kadhaa, sasa hivi nikisikia moja narudi nyumbani na furaha.

Na kekeo je? Huyo ukitaka kumsikia vizuri nenda kaskazini zaidi, Perthshire na kuendelea, mwezi wa tano. Anaingiza yai lake kwenye kiota cha ndege mdogo wa nyasi, kinda lake likianguliwa linawasukuma wenzake nje mmoja mmoja na mgongo, halafu yule mama mdogo analisha jitu linalomzidi ukubwa. Watu wakifika hapo wanashangaa, wanaishia hapo. Mi kinachonimaliza ni safari. Kuanzia 2011 watafiti wa Uingereza waliwafunga kekeo vifaa vya setilaiti mgongoni, wakaona wanavuka Sahara na kwenda kukaa miezi ya baridi kwenye misitu ya Kongo. Wakubwa wanaondoka Scotland mwezi wa sita, wamekaa wiki chache tu. Makinda wanaondoka baadaye, peke yao, hawajawahi kumuona baba wala mama, na wanaijua njia. Kwa hesabu yangu huyo ni ndege wa Kongo anayekuja Scotland kujifungua, na rafiki yangu wa Bukavu kashaandika barua ya kumdai.

Kingine mtakachoonyeshwa na kila mtu ni tai. Asilimia kubwa siyo tai. Ni shakivale, anakaa kwenye nguzo za uzio na anazunguka juu akilia kama paka, wenyeji wana utani wanamuita tai wa watalii. Tai mwenyewe akija hutauliza.

Sasa ya muhimu, msiruke hapa. Kuna usubi upande wa magharibi, wingu zima la vidudu vinavyouma kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, kero kubwa ila upepo kidogo tu ukivuma, kilomita kumi na kitu kwa saa, haviwezi kuruka. Usubi haukuui. Kupe ndo wa kuangalia. Wanakaa kwenye makangaga na nyasi ndefu wamenyoosha miguu wanakungoja, na baadhi yao wana vijidudu vya ugonjwa wa Lyme. Mi mwenyewe na ujuzi wangu wote nilikaa na mmoja nyuma ya goti siku tatu. Ukirudi nyumbani jikague, kwapani, kinenani, nyuma ya magoti, ukimkuta mshike na kibanio karibu na ngozi umvute taratibu, usimpake mafuta, usimchome. Vitabu vinasema angalia duara jekundu kwenye ngozi wiki zinazofuata. Vitabu hivyo vingi vilipigwa picha kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu lile duara linaweza lisiwe jekundu, linaonekana kama kivuli cheusi zaidi au kama jeraha la kugongwa, au usilione kabisa, kwa hiyo ukipata homa na uchovu baada ya kuumwa na kupe nenda kwa daktari umwambie kuhusu kupe mwenyewe, usingoje akuulize.

Shangazi alirudi Tanga na ganda moja la gosi kwenye pochi, na swali moja sikumjibu vizuri, kama sungura wa huku ni yule yule wa hadithi. Wapo wa aina mbili tatu, ila wa mlimani, ambaye huku kusini aliletwa na wawindaji karne ya 19, ana kanzu mbili, ya kahawia kiangazi na nyeupe kipindi cha baridi. Anabadilisha kwa kufuata urefu wa mchana, haangalii kama theluji imeanguka. Zamani hesabu ilikuwa inakubali. Siku hizi baridi nyingi theluji inakuja siku chache inayeyuka, na mwezi wa kwanza mwaka huu nilimpiga picha mmoja nikamtumia shangazi: mlima wote wa kahawia, na katikati sungura mweupe pe kama pamba, kajikunja, masikio kayalaza, ametulia kabisa kwa uhakika kwamba hakuna anayemuona. Nilikuwa bado sijatoka kwenye maegesho ya magari.

Shangazi akajibu kwa sauti ya WhatsApp, sekunde nne, kicheko kitupu.