Je, wajua kwa nini majarida ya upandaji milima hutegemea picha za watu wasio wapiga picha?

Tarehe 29 Mei 1953, mfuga nyuki kutoka New Zealand alifika kilele cha Everest, akatoa kamera aliyokuwa ameihifadhi ndani ya shati ili isipigwe na baridi, akampiga picha mwenzake. Picha hiyo ya Tenzing Norgay ameinua shoka la barafu lililofungwa bendera imechapishwa duniani kote na hadi leo inachapishwa. Edmund Hillary, aliyebonyeza kitufe, hakuwa mpiga picha. Msafara ule ulikuwa na msimamizi wake wa picha, Alfred Gregory, mpandaji hodari ambaye siku moja kabla alisaidia kubeba mizigo hadi kambi ya mwisho, kwenye mita 8,500 hivi. Alipotua mzigo aligeuka akarudi chini. Mita 350 tu zilizobaki zilitosha kumkosesha picha ambayo dunia nzima ilikuwa inaisubiri.

Jibu la swali letu limo humo. Mpiga picha za mpira ana nafasi yake kando ya uwanja, na wachezaji watamfuata hapo. Mlimani hakuna kando ya uwanja. Anayetaka picha ya mtu aliyening'inia katikati ya ukuta wa mwamba sharti naye awe kwenye ukuta uleule, amefungwa kamba, na ana uwezo wa kuupanda. Wapiga picha wa kulipwa wenye uwezo huo ni wachache, na hakuna jarida linaloweza kumtuma mmoja wao kwenye kila kilele kila msimu. Kwa hiyo mhariri anapohitaji picha ya njia mpya iliyopandwa, au ya upande wa mlima ambao haufikwi mara nyingi, humtafuta aliyekuwapo. Mara nyingi aliyekuwapo ni mwalimu, muuguzi au fundi aliyeomba likizo.

Galen Rowell alikuwa na gereji ya magari huko California, na siku za mapumziko alikuwa miambani na kamera ndogo. Mwaka 1972 aliiuza gereji. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wawili walipanda ukuta wa Half Dome, Yosemite, bila kugongelea misumari kwenye mwamba, na Juni 1974 safari hiyo ikawa habari ya jalada la National Geographic. Miaka 45 baadaye, Mei 2019, Nirmal Purja, askari wa zamani aliyekuwa kwenye mbio za kupanda vilele vyote 14 vinavyozidi mita 8,000, alipiga picha ya foleni ndefu ya wapandaji karibu na kilele cha Everest. Ndani ya siku chache picha hiyo ilikuwa kwenye magazeti na majarida ya kila bara. Hakuna aliyeuliza alisomea wapi upigaji picha.

Basi kama mlango uko wazi hivyo, kwa nini picha nyingi za wapandaji wa ridhaa hukataliwa?

Sababu ya kwanza ni kwamba zinaonyesha mlima peke yake. Kilele chekundu wakati wa mawio kinapendeza sana, na mhariri anazo picha za namna hiyo asizojua azipeleke wapi. Jarida la upandaji linasomwa na wapandaji, na mpandaji anataka kujua mtu anafanya nini pale: anashika wapi, anakanyaga nini, uso wake unasema nini. Picha yenye mtu mdogo mwenye koti jekundu kwenye uwanda mkubwa wa theluji humwambia msomaji ukubwa wa mahali kwa kutupa jicho mara moja, jambo ambalo mlima mtupu hauwezi. Rangi ya koti si jambo dogo. Nyekundu, njano na chungwa huonekana dhidi ya theluji na anga. Kijivu na nyeusi humezwa na mwamba.

Sababu ya pili inajulikana na kila mhariri wa fani hii: picha ya makalio. Anayeongoza yuko juu, mwenzake yuko chini ameshika kamba, na huyu wa chini ndiye mwenye nafasi ya kupiga picha. Anaelekeza kamera juu na kupata nyayo mbili za viatu, mkanda wa kiunoni, na matako. Uso hauonekani, mikono haionekani, na ukuta wenyewe unaonekana umelala kwa sababu umepigwa kutoka chini. Dawa yake ni kubadilisha mahali pa kusimama. Aliyekwisha kufika kwenye kituo cha juu na kujifunga vizuri akimpiga mwenzake anayepanda kumfuata, anapata uso, anapata vidole vinavyotafuta pa kushika, na anapata utupu wote ulio chini ya miguu. Njia inapokata ukuta kwa upande ni nafasi nzuri zaidi, maana mwili wote unaonekana.

Hapa nasema kwa msisitizo: aliyeshika kamba ya mwenzake hashiki kamera. Kama mko wawili, picha ipigwe pale tu kamba inapokuwa imefungwa imara na mmekubaliana kusimama. Mkiwa watatu, wa tatu ndiye mpiga picha. Kamera nayo ifungwe kwa ugwe, kwa sababu lenzi ikidondoka toka mita 40 ni jiwe kwa aliye chini. Mhariri makini akiona kwenye picha kofia ngumu imevuliwa au fundo limefungwa vibaya, ataiweka kando hata iwe nzuri vipi. Wasomaji wake hujifunza kwa kuangalia.

Halafu kuna theluji, ambayo huwadanganya watu wengi bila wao kujua. Kipima mwanga cha kamera kimetengenezwa kikichukulia kwamba kilicho mbele yake, kwa wastani, kina wangavu wa kijivu cha katikati. Kikiona uwanja mweupe kinadhani mwanga umezidi, kinaupunguza, na theluji inatoka kijivu kama ya jioni ilhali ilikuwa saa sita mchana. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, uongeze mwanga hatua moja (+1), au hadi mbili (+2) jua likiwa kali, kisha ukague kama mikunjo midogo ya theluji bado inaonekana. Ikipotea, umezidisha, na weupe uliokwisha kuungua haurudishwi na programu yoyote. Ndiyo maana inafaa kupiga kwa faili ghafi (RAW kwenye menyu ya kamera), ambalo huhifadhi taarifa zote za mwanga na kukuachia nafasi ya kurekebisha baadaye.

Betri nazo hulegea kwenye baridi, zikaonekana zimekwisha kumbe bado. Weka ya akiba karibu na mwili, kama Hillary alivyofanya na kamera yake, na mara nyingi ile iliyozima itafufuka ikipashwa joto. Ukiingia kwenye hema lenye joto, acha kamera ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto polepole, la sivyo mvuke utaganda kwenye lenzi.

Tuje kwenye karatasi, mahali ambapo picha nyingi nzuri huanguka. Majarida huchapa kwa nukta 300 kwa kila inchi. Ukurasa mmoja wa A4 kwa kipimo hicho unahitaji pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani milioni 8.7 hivi; kurasa mbili zilizofunguka pamoja zinahitaji mara mbili yake, milioni 17 na ushei. Simu yenye megapikseli 12 inatosha ukurasa mmoja, mradi hukukata nusu ya picha. Lakini watu wengi huharibu kazi kwa kumtumia mhariri picha kupitia programu ya ujumbe, ambayo huibana. Ikibaki na pikseli 1,600 kwa upande mrefu, itachapika vizuri kwa sentimita 13 na nusu tu. Kwenye kioo cha simu huoni tofauti. Kwenye karatasi kila mtu ataiona. Faili la awali litunzwe lilivyo, na nakala ndiyo ihaririwe.

Umbo nalo lina mambo yake. Jalada la jarida husimama wima, na sehemu ya juu huchukuliwa na jina la jarida. Picha ambayo kichwa cha mpandaji kimegusa ukingo wa juu haiwezi kuwa jalada, hata ikiwa ndiyo bora kuliko zote. Acha anga, au mwamba usio na mambo mengi, juu ya mtu. Kwa kurasa mbili, usimweke mtu katikati kabisa: hapo ndipo pana mkunjo, na uso wake utazama kwenye gundi. Mimi ningeshauri kila tukio muhimu lipigwe kwa kulaza na kwa kusimamisha kamera, kama kuna muda.

Kisha maelezo ya picha. Nayaona kuwa nusu ya kazi, ingawa ndiyo nusu inayodharauliwa. Tazama haya: "Tenzing Norgay kwenye kilele cha Everest, saa 5:30 asubuhi, 29 Mei 1953. Picha: Edmund Hillary." Nani, wapi, lini, na nani aliyepiga. Kwa picha ya njia, ongeza jina la mlima na urefu wake, upande uliopandwa, na sehemu ya njia inayoonekana. Andika siku hiyohiyo jioni, maana baada ya miezi miwili mabonde yote yatafanana kichwani mwako.

Usahihi huo una historia chungu. Mwaka 1906 Daktari Frederick Cook alidai amefika kilele cha Denali, mlima mrefu kuliko yote Amerika Kaskazini, na mwaka uliofuata jarida la Harper's likachapisha simulizi yake pamoja na picha ya "kilele". Mwaka 1910 Belmore Browne na Herschel Parker walikwenda kupatafuta mahali pale, wakapakuta: kichuguu cha mwamba kilichoko kilomita 30 hivi kutoka kilele halisi, maelfu ya mita chini yake. Sehemu hiyo sasa inaitwa Kilele Bandia. Tangu hapo picha za vilele huchunguzwa kwa jicho kali, na ni haki. Kuinamisha kamera ili mteremko uonekane mkali, au kufuta kamba ili mtu aonekane anapanda bila kinga, ni uongo wa ukoo uleule. Kurekebisha mwanga na rangi kidogo ni kawaida. Kuhamisha au kuondoa kitu si kawaida, na ukigunduliwa, mhariri huyo hatakufungulia tena barua.

Kuhusu kutuma: mhariri hataki picha 300. Chagua kumi, au kumi na tano, uzipunguze ziwe nyepesi, na uandike barua fupi inayosema hadithi ni ipi, ilitokea lini, na kwa nini wasomaji wake watajali. Seti nzuri ina mlima wote kwa mbali, watu wakiwa kazini, na kitu kimoja cha karibu sana, kama vidole vilivyopasuka au jiko linalowaka ndani ya hema. Picha zinazokuja na makala hupata nafasi upesi kuliko zinazokuja peke yake. Majarida hupangwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo picha za barafu hutafutwa wakati wa joto. Usipeleke seti moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja. Yakizichapisha yote mawili, umepoteza wahariri wawili.

Kama ndiyo unaanza, majarida ya vyama vya wapanda milima ni mahali pazuri. Alpine Journal la London linachapishwa tangu 1863, na American Alpine Journal tangu 1929, na mengi yaliyomo yameandikwa na kupigwa picha na wapandaji wenyewe. Huko picha isiyovutia sana lakini inayoonyesha ukuta wote waziwazi, na mstari wa njia iliyopandwa umechorwa juu yake, ina thamani kubwa.

Jambo la mwisho ni haki. Chini ya Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa kuhusu hakimiliki, haki hiyo huzaliwa papo hapo picha inapopigwa, bila kuandikishwa popote, na kwa kawaida ni ya aliyebonyeza kitufe, si ya mwenye kamera wala aliye kwenye picha. Mlimani kamera hupita mikono mingi, kwa hiyo andikeni nani alipiga ipi kabla ya kuachana. Mkataba wa jarida usomwe wote: kuruhusu ichapishwe mara moja ni kitu kimoja, kutoa haki zote milele ni kingine kabisa, na neno "zote" linaweza kujadiliwa kabla hujatia sahihi. Picha ikitakiwa kwa tangazo la biashara, pata idhini ya maandishi ya kila anayetambulika ndani yake. Na jarida likikaa kimya, subiri wiki kadhaa, kumbusha mara moja kwa adabu, kisha mwambie mhariri kwamba unaziondoa na uzipeleke kwingine.