Arseniki kwenye saruji ya meno: kilichomo si kile kinachotoka

Kwa miaka mingi watu wameamini kwamba saruji ya meno ikikutwa na chembe za arseniki, basi ni sumu. Hofu hiyo huiandama sana MTA, saruji ya kuzibia mizizi ya meno iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Loma Linda, Marekani. Takriban asilimia 75 yake ni saruji ya Portland, jamii ileile ya kujengea nyumba.

Arseniki kidogo huwemo kweli, kwa kuwa malighafi zake huchimbwa ardhini. Ila saruji ikishaganda, sehemu kubwa hubaki imefungwa humo. Ndiyo maana ISO 9917-1, kanuni ya kimataifa ya ubora wa saruji za meno, huangalia arseniki inayoyeyuka kwenye asidi, na kikomo ni miligramu 2 kwa kilo.

Kipimo kinachonishawishi zaidi ni cha seli hai. Saruji hulowekwa kwenye maji ya kukuzia seli, kisha maji hayo huwekewa seli, mara nyingi za panya ziitwazo L929, na kuhesabiwa zilizosalia hai. MTA mbichi huweza kuzidhuru, lakini hapo mkosaji mkuu ni ukali wa alkali, pH ikifika 12. Ikishaganda, seli huistahimili vizuri.

Saruji ya ujenzi isiingie kinywani kamwe: uchafu wake hutofautiana, wala haupimwi kwa ajili ya mwili wa mtu.