Kuwaka kwa Trekta Kuukuu si Ushahidi wa Uzima Wake

Mwezi huu pekee wateja watatu wameniletea gereji matrekta madogo ya mtumba waliyoyanunua kwa ajili ya mashamba ya ekari mbili hadi tano, na kila mmoja alianza maelezo yake kwa sentensi ileile: "Fundi, nililijaribu mwenyewe, liliwaka mara moja." Wawili kati yao walilazimika kununua pistoni, ringi (pete zinazoizunguka pistoni) na laina (ganda la ndani la silinda) kabla hawajalima hata tuta moja. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, nazo huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, kwa hiyo huu ndio wakati ambao watu wananunua kwa haraka, na haraka hiyo ndiyo inayowaumiza.

Dhana: injini ya dizeli ikiwaka upesi na kunguruma vizuri, trekta ni zima

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche kama ya petroli. Pistoni hubana hewa mpaka ikapata joto la kuwasha dizeli inayopulizwa na nozeli, na ringi zikiwa zimelika, sehemu ya hewa hiyo huvuja kuelekea chini kwenye sampu (karai la oili chini ya injini) na joto likapungua. Ndiyo maana injini iliyochoka hutaabika kuwaka inapokuwa ya baridi, lakini ikishapata moto, kuta za silinda zenyewe huongeza joto lililopungua, nayo huwaka kama mpya. Muuzaji mjanja analijua hilo, hivyo huiacha ikinguruma nusu saa kabla hujafika, kisha huizima na kukusubiri.

Kwa hiyo nenda saa kumi na mbili asubuhi, na kabla mtu hajagusa ufunguo, weka kiganja chako kwenye bloku, yaani mwili wa injini. Ikiwa ina joto, rudi siku nyingine. Anayeweza kununua Juni au Julai ana nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na alfajiri za miezi hiyo zina baridi ya kutosha kuiumbua injini mbovu. Muuzaji akinyunyiza petroli au dawa ya kuwashia kwenye njia ya hewa, basi ameshakujibu swali lako, na huna haja ya kuendelea na mazungumzo ya bei. Injini ikishawaka, fungua kifuniko cha kujazia oili: pumzi kidogo ni ya kawaida, lakini moshi unaotoka kwa nguvu na kwa mfululizo maana yake ni kwamba ringi na silinda zimekwisha.

Linaloniuma ni kwamba uchakavu huu hausababishwi na umri. Nimefungua injini za Massey Ferguson 135, modeli iliyoacha kutengenezwa katikati ya miaka ya 1970, nikakuta silinda zake zikiwa bora kuliko za matrekta ya juzi. Kinachoua injini katika mkoa huu ni vumbi. Udongo wetu mwingi umetokana na miamba ya itale, nao una chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikiingia na kuchanganyika na oili huwa msasa unaosugua kila pistoni inapopanda na kushuka. Anayepiga haro (kuvunja mabonge ya udongo) wakati wa kiangazi hufanya kazi ndani ya wingu alilolitimua mwenyewe, na kati ya wingu hilo na injini kuna kinga moja tu, yaani chujio la hewa.

Mimi hutembea na kipande cha kitambaa cheupe, na ningependa kila mnunuzi afanye hivyo. Legeza bomba la mpira linalotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini, ingiza kitambaa, upanguse ukuta wake wa ndani. Kikitoka na vumbi jekundu, injini imekuwa ikila mchanga, hata kama inanguruma vizuri kiasi gani. Hapo ama uondoke, ama upunguze kwenye bei gharama yote ya kuishusha injini na kuifanyia matengenezo makubwa. Chunguza pia bomba lenyewe, kwa sababu ufa mdogo chini ya klipu hulifanya chujio jipya lisiwe na maana yoyote.

Ukishanunua, chujio la hewa la bakuli la oili (lile linalonasa vumbi ndani ya oili) likaguliwe kila siku ya kazi wakati wa kiangazi, limwagwe na kusafishwa tope likianza kujikusanya chini, na lijazwe hadi kwenye alama; likipungua hupitisha vumbi, likizidi oili hunyonywa na injini. Chujio la karatasi lipulizwe kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo, na lisigongwe kwenye tairi. Naona likigongwa kwenye tairi karibu kila wiki, na kila mara ninarudia kueleza kwamba karatasi hiyo huchanika mahali pasipoonekana.

Dhana nyingine ninazozisikia

Wapo wanaoamini kwamba moshi wa buluu, ambao ni dalili ya oili kuungua ndani ya silinda, huponywa kwa oili nzito. Oili nzito huuficha moshi kwa muda, na kwa sababu hiyo huwekwa wiki ya kuuza. Ringi hazioti upya.

Wengine husema kwamba kulanti, dawa inayochanganywa na maji ya kupoza injini, ni ya nchi za barafu. Hapa maji hayagandi, lakini kulanti huzuia pia kutu na huchelewesha maji kuchemka, jambo ambalo dereva anayelima saa nane mchana analihitaji sana. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, nayo huacha ndani ya rejeta na bloku ukoko mweupe uleule tunaouona kwenye birika. Tumia maji ya mvua pamoja na kulanti.

Kuhusu nguvu, si kweli kwamba injini kubwa ndiyo bora. Kwa ekari tatu za alizeti na mtama, au kwa kupita katikati ya mistari ya zabibu kule Hombolo, trekta la nguvu za farasi 20 linatosha, mradi usilivutishe jembe la sahani tatu kwenye ardhi iliyokauka. Subiri mvua ya kwanza ilainishe udongo. Pawatila, yaani trekta la magurudumu mawili linaloongozwa kwa mikono, ni suala tofauti, kwani iliundwa kwa majaruba ya mpunga kama ya Bahi, na wengi walioinunua wakati wa Kilimo Kwanza, kampeni ya serikali ya kukuza kilimo, kuanzia 2009, kwa ajili ya ardhi kavu na ngumu walikata tamaa bila kosa la mashine.

Mita ya saa, inayohesabu saa ambazo injini imefanya kazi, isikushawishi, kwa kuwa hubadilishwa kirahisi. Badala yake tazama uchakavu wa mpira wa pedali ya klachi na wa matundu ya pini kwenye mikono ya kubebea jembe.

Mwisho ni imani kwamba spea za trekta lolote la Kijapani zinapatikana. Kubota au Yanmar iliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani inaweza kutofautiana na ile ya kuuzwa nje, hata kama zinafanana kwa sura. Kabla ya kulipa, nakili namba ya injini na ya modeli, uzipeleke kwa muuza spea, umwombe gasketi ya silinda hedi na chujio la oili. Asipoweza kukuonyesha vyote viwili kwa macho, usilinunue.