Majumuisho kwa wazee wa baraza ni nini, na kwanini kesi ya mauaji inaweza kurudi nyuma kwa ajili yake

Mahakama ya Rufani ikija kufanya vikao Mbeya au Iringa, ikiondoka huwa inaacha maneno mtaani. Mtu alihukumiwa kunyongwa kwa mauaji, kijiji kizima kinamjua, mara mnasikia mwenendo (yani kumbukumbu ya yote yaliyofanyika kwenye kesi) umefutwa na kesi inasikilizwa upya, basi pale Kabwe, Mbeya mjini, kila mtu anasema hela imetembea. Ila ukichukua hizo hukumu ukasoma (ziko TanzLII, tovuti ya hukumu za Tanzania, bure kabisa) kesi nyingi za namna hiyo utakuta majaji watatu wa Rufani hawajabishana hata kidogo kuhusu nani alimuua nani, wamekaa kwenye kurasa chache tu, pale ambapo jaji aliyesikiliza kesi alikuwa anaongea na wazee wa baraza.

Marekani na Uingereza kesi kubwa ya jinai inaamuliwa na baraza la raia, kule kwao ni watu 12 kwa kawaida, wao ndio wanasema huyu ana hatia au hana, na kabla hawajaingia chumbani kujadiliana jaji anawaeleza sheria inasemaje. Sisi Tanzania hatuna hilo baraza. Tulichokuwa nacho Mahakama Kuu ni wazee wa baraza, wasiopungua wawili, wanakaa na jaji mwanzo mpaka mwisho, ushahidi ukiisha jaji anawafanyia majumuisho, yani anawapitisha kwenye ushahidi wote na kuwaeleza mambo ya msingi ya kisheria, halafu kila mmoja anatoa maoni yake. Jaji halazimiki kuyafuata hayo maoni. Sasa hapo ndipo watu wanauliza, kama hafungwi nayo kelele za nini? Kelele ni kwamba sheria ilisema kesi isikilizwe kwa msaada wao, na mzee ambaye hajaelezwa anatakiwa kuangalia nini hajasaidia chochote, kwahiyo Rufani ikawa inasema hiyo kesi ni kama ilisikilizwa bila wazee kabisa.

Chukulia mfano wa kutunga, tuseme mtu kauawa usiku huko Rungwe, shahidi ni mke wa marehemu peke yake, anasema alimtambua mshtakiwa kwa mbalamwezi akiwa anakimbilia kwenye migomba. Jaji anatakiwa awaambie wazee waziwazi kwamba ushahidi wa utambuzi usiku ni wa kuogopa, wajiulize mwanga ulikuwa mkali kiasi gani, umbali ulikuwaje, alimwona kwa muda gani, alikuwa anamfahamu kabla, na alimtaja kwa watu wa kwanza waliofika au alikuja kumtaja polisi wiki mbili baadae (hayo maswali mengi yanatoka kwenye hukumu moja ya mwaka 1980 ambayo wakili yeyote wa jinai ameikariri). Aongeze na nia ovu, maana bila hiyo sio mauaji ya kukusudia, na kama mshtakiwa alisema siku hiyo alikuwa Chunya, awaeleze utetezi huo unapimwaje. Jaji akisimulia tu shahidi wa kwanza alisema hivi wa pili alisema vile halafu akawaambia wazee toeni maoni, ameshaacha tundu. Na akienda upande wa pili akawaambia mimi huyu mama namuona mkweli, nalo ni kosa, kwasababu wazee watafuata upepo wa jaji. Kuna na hili, mzee wa baraza anaruhusiwa kuuliza swali la kutaka ufafanuzi ila sio kumbana shahidi kwa maswali ya dodoso kama wakili, na kesi zimefutwa kwa sababu mwenendo ulionyesha wazee wamedodosa. Binafsi hii naona ilikuwa kali sana, mzee wa watu kauliza kwa nia njema, mtu anakaa mahabusu miaka mingine.

Mwaka 2022 sheria ikabadilishwa, sasa Mahakama Kuu jaji anasikiliza peke yake isipokuwa akiona haki inahitaji wazee. Kwahiyo kesi mpya hazina hili tatizo sana.

Sababu ya rufaa ambayo haijaisha ni ushahidi wenyewe kupingwa. Kielelezo, iwe PF3 (fomu ya polisi anayojaza daktari), maelezo ya onyo (aliyoandikisha mshtakiwa polisi baada ya kuonywa) au hati ya kukamata mali, lazima kwanza kiombwe kupokelewa, mshtakiwa aulizwe kama ana pingamizi, kikishapokelewa kisomwe kwa sauti mahakamani. Kisiposomwa Rufani inakifuta kwenye kumbukumbu. Ndugu wakisikia PF3 imefutwa wanaanza kushangilia, subirini kwanza, daktari akiwa alipanda kizimbani na kueleza kwa mdomo alichokiona, maneno yake yanabaki, na swali linakuwa kilichobaki kinatosha kuthibitisha kosa bila kuacha shaka? Mara nyingi kinatosha na mtu anarudi gereza la Ruanda, Mbeya, kumalizia kifungo. Marekani nao wana mtihani unaofanana na huo, tangu kesi ya Chapman dhidi ya California ya 1967 kosa la kikatiba haliangushi hukumu kama upande wa serikali utaonyesha bila shaka ya msingi kwamba halikuchangia mtu kutiwa hatiani.

Na mwenendo ukifutwa sio lazima kesi irudi. Toka 1966, enzi za Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, msimamo ni kwamba kesi haisikilizwi upya ili kuwapa waendesha mashtaka nafasi ya kuziba mapengo yao, ushahidi ukiwa dhaifu tangu mwanzo mtu anaachiwa. Ukiwa na nguvu na kosa lilikuwa la mahakama, inarudi Mahakama Kuu, na hapo mshtakiwa anakuwa bado mahabusu, hajaachiwa kama watu wanavyodhani.

Muda nao unaua rufaa nyingi kabla hata hazijasomwa. Kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu, kusudio la kukata rufaa linatolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu, halafu hati yenye sababu za rufaa ndani ya siku 45, na siku za kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo hazihesabiwi. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Rufani, kusudio ni siku 30. Aliyeko gerezani anapitisha karatasi zake kwa maofisa wa magereza, kwahiyo ukienda kumuona ndugu yako muulize kabisa ameshasaini kusudio au bado, na lilipokelewa tarehe ngapi.