Ununuzi wa umma wa kuchochea ubunifu: maana yake

Serikali ni mteja mkubwa. Hununua dawa, madawati, mabomba ya maji, hata boti. Ununuzi wa kuchochea ubunifu ni pale pesa hizo hizo, ambazo zingetumika vyovyote vile, zinapoifanya serikali iwe mteja wa kwanza wa kitu ambacho bado hakijazoeleka sokoni. Hiyo si ruzuku: mbunifu analipwa kwa sababu ameleta kitu kinachofanya kazi.

Yote yanategemea zabuni ilivyoandikwa. Tuseme Lamu inahitaji boti ya wagonjwa. Tangazo likitaka "boti ya faiba, futi 28, injini mbili", mambo yamekwisha: atashinda mwenye kuagiza boti za namna hiyo, na fundi wa Matondoni, kijiji cha Lamu cha waunda majahazi, hana la kusema. Lakini likisema, "Tunataka chombo cha kumtoa mama mjamzito Kizingitini, kisiwani Pate, hadi Amu (mji wa Lamu), akiwa amelala, asirowe hata wakati wa upepo wa kusi, na kipite Mkanda hata maji yakitoka", kila mjuzi wa kuunda vyombo ana nafasi. Hilo la Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, ndilo lililokuwa gumu hasa, maana kwa miaka mingi maji yalipotoka (yalipokupwa) pale wasafiri walingoja.

Sheria haikatazi. Sheria ya ununuzi wa umma ya Kenya ya 2015 inataka, panapofaa, maelezo ya kiufundi yazingatie pia kazi na utendaji wa kitu, si umbo lake tu. Inaruhusu pia zabuni ya hatua mbili: kwanza mapendekezo ya kiufundi bila bei, bei baadaye.

Marekani ilifanya hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Iliponunua chipu, vile vipande vidogo vya elektroniki, kwa ajili ya safari za mwezini za Apollo na makombora, zilikuwa ghali mno kwa wateja wa kawaida. Viwanda vikapata oda za uhakika, vikajifunza, bei ikashuka.

Akili ya kuunda tunayo. Mwaka 2018 Lamu ilishua Flipflopi, chombo cha mita 9 kilichoundwa kwa plastiki na ndara zilizookotwa, na mwaka uliofuata kikatweka hadi Zanzibar.

Kinachokwamisha ni hofu. Ofisa akinunua kitu kipya kikafeli, wakaguzi watamhoji. Akinunua cha kawaida kikafeli, hakuna anayemuuliza. Halafu kuna malipo, na hapa ndipo ninapoumia zaidi. Kaunti nyingi hukaa na madeni ya wazabuni muda mrefu. Fundi anayekopa mbao na misumari hawezi kungoja mwaka. Asipolipwa walau gharama ya kuunda chombo cha majaribio, zabuni hiyo itamwacha nje yule yule ambaye iliandikwa kwa ajili yake.