Wembe wa kukunja: mng'aro si makali

Hapa Kampala, ukitaka wembe wa kukunja wa zamani, uwe unautafuta katika soko la Owino au kwa kinyozi mzee, utaambiwa: chukua unaong'aa kama kioo, wenye kutu uache. Imani hii ni ya siku nyingi, nayo inawapotezea wanaoanza pesa zao.

Mng'aro huletwa na msasa na mashine. Mashine ikipandisha joto, chuma cha kwenye makali hulainika upesi kwa kuwa ni chembamba mno, na hapo hakuna kinoo kitakachokirudishia ugumu. Madoa meusi mgongoni au karibu na mpini ni sura tu. Kutu ya kuogopa ni ile iliyochimba vishimo karibu na makali, maana ukinoa utavifikia na makali yatamomonyoka.

Tazama mgongo kwanza. Wembe huu hunolewa ukiwa umelala, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, hivyo unene wa mgongo ndio unaoweka pembe ya makali. Ukiwa umeliwa upande mmoja, kunoa kutakusumbua. Halafu inua wembe kwenye mwanga utafute ufa. Ukiuona, usinunue hata ukipunguziwa bei.

Jina la Solingen (Ujerumani) au Sheffield (Uingereza), miji inayosifika kwa visu na nyembe, ni dalili njema, ila haliponyi ufa. Anayeanza anatoshwa na upana wa 5/8 au 6/8 ya inchi na ncha ya mviringo. Na tenga pesa ya kuunoa: wembe mkuukuu, hata ulio mzima, ni nadra kufika ukiwa tayari kugusa shavu.